Gego lizibwe kwa dawa ipi? Kompositi, glasi ayonoma na kauri zikilinganishwa

Ukimuuliza daktari wa meno leo gego lililotoboka lizibwe kwa dawa gani, wengi watakujibu papo hapo: kompositi. Ina rangi ya jino, ni ngumu, inashika. Jibu hilo ni sahihi kwa matundu mengi na ni kosa kwa mengine, na kinachoyatofautisha mara nyingi si ukubwa wa tundu wala mfuko wa mgonjwa. Ni mate. Tundu linaloweza kukaushwa likabaki kavu mpaka kazi iishe lina uchaguzi mpana. Lile linalovuja damu ya ufizi, au linalojaa mate kila mgonjwa anapomeza, uchaguzi wake ni finyu hata kama kabati la daktari limesheheni dawa za kila aina.

Ulinganisho huu unamlenga zaidi daktari au tabibu wa meno anayeanza kazi, ingawa mgonjwa anayetaka kuelewa kwa nini amewekewa hiki badala ya kile ataufuata bila shida.

Kwanza tujue tunatoka wapi. Kwa zaidi ya karne moja na nusu magego yalizibwa kwa amalgamu, mchanganyiko wa madini ambao karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Sura yake haikupendeza, lakini ilikuwa na fadhila moja kubwa: ilistahimili unyevu kidogo na mkono usio makini sana. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulizitaka nchi zipunguze matumizi yake kwa sababu ya zebaki inayoishia kwenye mazingira, na Umoja wa Ulaya uliizuia kuanzia tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona mgonjwa wake anaihitaji kabisa. Dawa zilizochukua nafasi yake hazina uvumilivu ule. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba vizibo vya kompositi kwenye meno ya nyuma viliharibika karibu mara mbili ya vile vya amalgamu, hasa kwa jino kuoza upya pembezoni mwa kizibo, ingawa waandishi wenyewe waliupa ushahidi huo daraja la chini. Sisomi matokeo hayo kama hukumu dhidi ya kompositi. Nayasoma kama onyo kuhusu namna inavyowekwa.

Kompositi: hodari, lakini ina masharti

Kompositi ni rezini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe ndogo sana za glasi au silika, na chembe hizo ndizo sehemu kubwa ya uzito wake. Rezini ya msingi ni kazi ya Rafael Bowen wa Marekani, aliyeipatia hataza mwaka 1962. Miaka michache kabla, mwaka 1955, Michael Buonocore alikuwa ameonyesha kwamba enameli, ganda gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki inapata vitundu vidogo ambamo rezini inaweza kujishika. Mambo hayo mawili yalipokutana, uzibaji wa meno ulibadilika: kizibo hakikuhitaji tena tundu lililochongwa kwa umbo maalumu ili kisidondoke. Unaondoa kilichooza, unaacha kizima, unagandisha kwa mwanga wa taa.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipenda, kuliko hata rangi yake. Gego lenye tundu dogo kwenye mfereji wa uso wa kutafunia linapoteza jino kidogo mno. Na ikiwekwa vizuri inadumu. Uchambuzi ulioongozwa na Niek Opdam wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2014, ulikadiria kwamba kwenye meno ya nyuma huharibika takribani vizibo 2 kati ya 100 kila mwaka. Uchambuzi huohuo ulionyesha jambo ambalo mgonjwa haelezwi mara nyingi: mwenye kinywa kinachooza kwa kasi hupoteza vizibo upesi kuliko mwenye kinywa tulivu, japo dawa ni ileile.

Sasa masharti. Enameli inapakwa asidi kwa nusu dakika hivi, dentini, yaani sehemu iliyo chini ya enameli, kwa sekunde 15 zisizozidi, kisha inasuuzwa. Dentini ikikaushwa kupita kiasi, nyuzi zake za kolajeni zinalala na bondi, gundi ya rezini inayopakwa kabla ya kompositi, haipenyi. Ikiachwa na maji mengi, bondi inazimuliwa. Tone moja la mate likiangukia jino baada ya asidi, hatua hiyo inarudiwa. Mpira wa kutenga jino, ule unaotobolewa na kuvalishwa shingoni mwa jino, ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kulikausha gego, na ni kifaa ambacho wengi wanakijua darasani na kukisahau kazini. Pamba na kifyonza mate vinaweza kutosha kwa gego la juu la mgonjwa mtulivu. Kwa gego la mwisho la chini, ulimi ukiwa upande mmoja na shavu upande wa pili, pamba zinaloa kabla hujaifikia bondi.

Kisha kuna kusinyaa. Kompositi inapoganda hupungua ujazo kwa asilimia 2 hadi 3 hivi, na kwenye tundu lenye kuta nyingi kusinyaa huko kunavuta kila upande kwa pamoja. Ndiyo maana ya kuiweka kwa tabaka za milimita 2, kila tabaka ikigandishwa peke yake. Anayejaza tundu lote kwa mkupuo mmoja kwa kompositi ya kawaida anaacha chini kitu laini kilichofunikwa na ganda gumu, na mgonjwa anarudi wiki inayofuata akilalamika kwamba jino linauma akitafuna.

Hapa nitakaa kidogo kwenye taa, kwa sababu ndiyo mtuhumiwa asiyehojiwa. Taa ya bluu inaweza kuwaka vizuri machoni huku nguvu yake imeshuka. Ncha yake huchafuliwa na kompositi iliyogandia hapo, betri huchoka, na kwenye magego ya nyuma kinywa hakifunguki vya kutosha kuinyoosha, kwa hiyo mwanga unaingia kwa mshazari na kona ya chini ya tundu inabaki gizani. Uso wa juu utaganda hata kwa mwanga hafifu. Utagonga kwa kifaa, utasikia mlio wa kitu kigumu, utaridhika. Kilicho chini huwezi kukigonga. Kipimo cha nguvu ya taa ni kifaa kidogo, na kliniki inayotumia kompositi kila siku bila kukimiliki inabahatisha. Kwa tundu la ubavuni, yaani lile lililo kati ya gego na jirani yake, ni vyema kumulika tena kutoka pande za shavu na ulimi baada ya kuondoa ukanda wa chuma unaozungushiwa jino wakati wa kuziba.

Tundu la ubavuni lina mtihani mwingine. Amalgamu ilisukumwa kwa nguvu hadi ukanda ukagusa jino la pili. Kompositi haisukumiki hivyo: ukanda ulivyokaa ndivyo ubavu wa jino utakavyotoka. Kwa hiyo kinahitajika kipande cha ukanda kilichopinda, kabari ya kukibana chini, na pete ya kuyatenganisha meno kidogo. Bila hayo unapata mwanya unaonasa chakula kila mlo, na ufizi unavimba. Mgonjwa atailaumu dawa wakati lawama ni ya ukanda.

Kompositi za kujaza kwa mkupuo, zinazogandishwa hadi kina cha milimita 4 hivi, zimepunguza kazi. Zinapitisha mwanga zaidi na mvuto wa kusinyaa umepunguzwa. Kwa tundu refu la gego ninazikubali bila manung'uniko, mradi ikumbukwe kwamba zile za majimaji nyingi zinatakiwa kufunikwa juu kwa kompositi ya kawaida. Lakini hazijabadili chochote kuhusu mate.

Glasi ayonoma: dhaifu inayofaa zaidi ya inavyosifiwa

Glasi ayonoma ilitoka kwenye maabara ya mkemia wa serikali London mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Alan Wilson na Brian Kent. Unga wa glasi yenye floraidi unachanganywa na asidi ya poliakriliki, unaganda wenyewe bila taa, na unashikana na kalsiamu ya jino moja kwa moja. Maji ni sehemu ya kemia yake. Haisinyai sana na haihitaji hatua nyingi za kubandika: unasafisha tundu kwa asidi nyepesi ya jamii ileile kwa sekunde 10 hadi 20, unasuuza, unafuta maji bila kukausha kabisa, unaweka.

Udhaifu wake unajulikana. Ni tete. Inalika, rangi yake ni ya kufifia, na kwenye tundu la ubavuni inakatika pale inapopinda kutoka uso wa kutafunia kushuka ubavuni. Hata zile nzito zilizotengenezwa kwa ajili ya magego hazijafikia kompositi kwa kustahimili kupindwa.

Hata hivyo angalia rekodi yake mahali isipodhaniwa. Mbinu ya ART, ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine wala umeme, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na Jo Frencken na wenzake, na leo dawa yake ni glasi ayonoma nzito. Kwenye meno ya utoto yenye tundu la upande mmoja, zaidi ya vizibo 9 kati ya 10 vinakuwa bado vipo baada ya miaka 2. Kwa matundu yanayogusa pande mbili au zaidi, idadi inashuka hadi karibu 6 kati ya 10. Hesabu hizo mbili zinakuonyesha dawa hii iwekwe wapi na isiwekwe wapi, vizuri kuliko maneno ya kwenye boksi.

Maneno ya kwenye boksi husifia sana floraidi inayotoka. Ni kweli inatoka, nyingi siku za mwanzo na kidogo baadaye, na kizibo kinaweza kuipokea tena kutoka kwenye dawa ya mswaki. Lakini mimi nisingemchagulia mtu dawa hii kwa sababu ya floraidi peke yake. Nitaichagua kwa sababu inashika jino lenye unyevunyevu na inamalizika upesi kwa mtoto anayelia, au kwa mzee asiyeweza kulala kwenye kiti nusu saa.

Nusu ya sifa mbaya za glasi ayonoma zinatokana na kuchanganywa vibaya. Ikichanganywa kwa mkono, kishawishi ni kuongeza maji ya asidi ili ilainike na kuteleza tunduni. Kila tone la ziada linapunguza nguvu. Ikiwekwa ikiwa imeshapoteza mng'ao, imechelewa, haitashika. Ikichongwa ikiwa katikati ya kuganda, inang'oka pembeni. Na isipopakwa vaselini au vanishi mara baada ya kuwekwa, ama inanyonya maji ama inakauka na kupasuka. Dawa iliyo kwenye kapsuli za kutikiswa kwa mashine inaondoa kosa la kwanza, na kwa magego ningeona tofauti hiyo inastahili gharama.

Jamaa zake zinatajika kwa kifupi. Ile iliyotiwa rezini inaganda kwa taa na ni imara zaidi ya ya kawaida, inafaa sana shingoni mwa jino, meno ya utoto na kama tabaka ya chini, lakini juu ya gego la mtu mzima inalika. Kompoma, iliyoingia sokoni miaka ya 1990, iko karibu na kompositi kuliko na glasi ayonoma. Inahitaji bondi, na makao yake ni meno ya watoto. Dawa za aina ya alkasaiti zinazotoa kalsiamu na floraidi na zinazoweza kuganda hata bila taa zinatamanisha kwa matundu makubwa, ila historia yake bado ni fupi ukilinganisha na hizi mbili kubwa.

Mezani na jino lenyewe

Tundu dogo au la wastani juu ya gego la mtu mzima, enameli ikiwa imelizunguka pande zote: kompositi. Hapa sioni mjadala.

Tundu la ubavuni ambalo ukingo wake wa chini bado uko juu ya ufizi, ndani ya enameli: kompositi tena, kwa ukanda uliopinda, kabari na pete. Asiyekuwa na vifaa hivyo ajiulize mara mbili.

Ukingo ukizama chini ya ufizi ndipo maoni yanapotofautiana. Huko enameli imekwisha, unabandika kwenye dentini au simenti ya mzizi, yaani ganda la asili la mzizi, ambako mshiko ni hafifu, na damu inatoka kwa kuguswa tu. Wapo wanaopandisha ukingo kwa kompositi kidogo kidogo, nao wenye mkono na subira hufanikiwa. Wapo wanaoweka glasi ayonoma, hasa ile yenye rezini, sehemu ya chini ya ubavu na kuifunika kwa kompositi sehemu ya juu inayotafuna. Ufizi ukiwa umevimba kweli, mimi naona bora jino lizibwe kwa glasi ayonoma tupu, ufizi upone wiki chache, kisha kazi ya kudumu ifanywe kwenye ukavu. Mgonjwa anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba hicho ni kizibo cha kupita. Kompositi iliyogandishwa juu ya damu haiambiwi na mtu kwamba ni ya kupita, lakini ndivyo ilivyo.

Kinywa chenye matundu sita au saba yanayoendelea kuoza nacho nisingekianza kwa kompositi nzuri, moja kila miadi. Funga yote haraka kwa glasi ayonoma, rekebisha sukari na mswaki, angalia kama kuoza kumetulia, halafu badilisha yanayostahili kubadilishwa. Kizibo bora kabisa kwenye kinywa kinachooza ni kazi ya kurudiwa.

Kwa magego ya utoto, tundu la juu peke yake linatosheka na glasi ayonoma. La ubavuni linapenda ile ya rezini au kompoma. Nikiulizwa kinachodumu zaidi kwenye gego la utoto lililooza pande mbili au tatu, nitasema kofia ya chuma, ambayo haina rangi ya jino hata kidogo. Wazazi wengi hukunja uso, mtoto mara nyingi hajali.

Kina cha tundu kinawachanganya wengi. Uozo ukikaribia kiini cha jino, si lazima kuchimba mpaka kila kitu kiwe kigumu. Kingo zisafishwe kabisa, juu ya kiini paachwe dentini iliyolainika kidogo, jino lizibwe lisivuje. Kanuni hiyo inabaki vilevile uwe na kompositi au glasi ayonoma mkononi. Ila usitie simenti ya yujenoli, ile yenye mafuta ya karafuu, chini ya kompositi, maana inazuia rezini kuganda sawasawa.

Kauri inapoingia

Kauri haishindani na kompositi kwenye tundu dogo. Ili kipande kilichotengenezwa nje ya kinywa kiingie, kuta za tundu lazima zifunguke kuelekea juu, kwa hiyo unakata jino zima ambalo kompositi ingelihifadhi. Inlei ndogo ya kauri, yaani kipande kinachokaa ndani ya tundu, kwenye gego lenye kuta nene ni kazi ya kupendeza isiyo na haja.

Mambo yanabadilika jino likipoteza vilele vyake vya kutafunia, au likibaki na kuta nyembamba baada ya kutibiwa mzizi. Hapo kutafuna kunafanya kazi ya kupasua, na onlei inayofunika vilele inalishikilia jino pamoja. Kauri ya lithiamu disiliketi ndiyo inayotumika sana: uso wake unakwaruzika vizuri kwa asidi ya hidrofloriki ili gundi ishike, inabandikwa kwa simenti ya rezini, na inahitaji unene wa kama milimita 1.5 juu ili isivunjike. Zirkonia, kauri nyingine, ni ngumu zaidi, lakini haina glasi ya kukwaruzwa na asidi, kwa hiyo naiona ina nafasi zaidi kama kofia kamili kuliko onlei inayotegemea gundi.

Wapo wanaodhani kauri inawaokoa na shida ya mate. Kinyume chake. Kipande kinachongwa pakavu, ndiyo, lakini siku ya kubandika masharti yote ya bondi yanarudi, na sasa kosa linagharimu kazi ya maabara. Kwa kawaida kuna safari mbili na kizibo cha muda katikati. Mashine za kuchonga palepale kliniki, zilizoanza na kazi ya Werner Mörmann na Marco Brandestini huko Zürich mwaka 1985, zimeifanya iwe safari moja kwa anayeweza kuzimudu.

Anayesaga meno usingizini ni mgonjwa mgumu kwa dawa zote. Kauri nyembamba itapasuka, kompositi italika, glasi ayonoma itakwisha kabisa. Kwake ningeelekea kompositi yenye chembe nyingi au vipande vya kompositi vilivyochongwa kwa mashine, pamoja na kinga ya kuvaa usiku, kwa sababu kinacholika kinaongezwa kirahisi.

Jambo la pembeni linalomhusu anayeshika dawa zaidi ya anayewekewa: rezini ambayo haijaganda inapenya glavu ndani ya dakika chache, na mzio wa vidole ni tatizo la madaktari na wasaidizi wao. Usilainishe kompositi kwa vidole vyenye glavu zilizopakaa bondi. Na usiitazame taa ya bluu bila kinga ya rangi ya chungwa.

Kabla ya kulinganisha bei na uimara, linganisha pia urahisi wa kukarabati, kwa sababu kizibo chochote kitafika siku ya kukarabatiwa. Kompositi iliyomeguka ukingoni inakwaruzwa, inapakwa asidi na bondi, inaongezwa. Hakuna haja ya kuing'oa yote na kulipanua tundu. Glasi ayonoma inaongezwa kwa glasi ayonoma nyingine, au inapunguzwa ikabaki chini ya kompositi kama sakafu. Kauri iliyomeguka kidogo inazibwa kwa kompositi baada ya hidrofloriki na sileni, kiunganishi cha kauri na rezini, kazi ya tahadhari kubwa kinywani kwa sababu asidi hiyo ni hatari kwa ufizi na ngozi. Ikipasuka katikati, inatolewa nzima kwa kuchongwa, na kuitofautisha na simenti yake yenye rangi ya jino chini ya maji ya mashine huchukua muda kuliko kuiweka.